Hodi Kwenye Mzinga

Mimi nina mzinga mmoja wa nyuki juu ya paa la nyumba yetu Mabela, hapa Maskati, na kaka yangu ana mzinga wake nyuma ya nyumba, kwenye nchi ambayo theluji hufika magotini. Misimu yetu imepishana. Kiangazi cha Maskati nyuki wangu hutaabika; nawafunika gunia lenye maji, nao huenda kunywa kwenye bomba la kiyoyozi cha jirani, ambaye kwa ajili hiyo hanipendi. Mwezi wa kumi na moja mikunazi ikichanua, mimi nasubiri asali. Wakati huohuo kaka anauvisha mzinga wake blanketi kama mtoto mwenye homa, na haruhusiwi kuufungua mpaka baridi ipungue. Kazi yake ni kuunyanyua kidogo kwa nyuma apime uzito: ukiwa mwepesi, chakula kimewaishia. Nilimcheka sana kwa ufugaji huo wa kunyanyua masanduku.

Mama, anayekaa nami, hakucheka. Kabla ya nyuki, kaka alikuwa akipiga simu sikukuu mbili kwa mwaka: hamjambo, sijambo, alhamdulillahi, basi. Tangu apate mzinga, anapiga kila siku. Mama hajui malkia wala masega, lakini alijua nyuki wale wakifa, na simu zitakufa. Akawa anawaombea dua kila sala. Wangu, waliokuwa juu ya kichwa chake, hakuwaombea hata siku moja.

Baridi iliyopita kaka alipiga simu.

"Mama, nimegonga mzinga, nimepiga hodi mara tatu. Kimya. Nikaondoka."

Hayo ndiyo malezi yetu: hodi tatu, usipoitikiwa unarudi ulikotoka, hata kama umesikia mtu anapiga chafya ndani. Sikuwahi kufikiri kuna mtu angeyapeleka kwa nyuki.

"Watakuwa wamejikunyata," mama alisema. "Hebu weka simu juu ya mzinga, nisikilize."

Akaiweka. Mama akafumba macho.

"Nnawasikia! Wamo!"

Kuanzia hapo, kila alasiri yetu, ambayo kwake ni asubuhi, kaka aliweka simu juu ya mzinga, mama akasikiliza, kisha wakazungumza nusu saa nzima. Baada ya wiki tatu kaka akaniandikia mimi peke yangu. Jua lilitoka kidogo, amefungua, nyuki wote wamekufa wakiwa wamekumbatiana fungu moja. Hana moyo wa kumwambia mama.

Hapo shetani wangu akaamka. Nilipanda juu, nikaweka simu kwenye mzinga wangu, nikarekodi mvumo wa dakika kadhaa, nikamtumia. Nikamwambia aiwashe rekodi hiyo mama akisikiliza.

Siku nne mama alisikiliza nyuki wa Mabela, waliosafiri hadi kwenye theluji na kurudi. Mimi nilikuwa jikoni, nimeuma kanga nisicheke.

Siku ya tano kaka alichelewa kuizima. Ikafika ile sehemu ambayo sikuwa nimeisikiliza: mwadhini wa msikiti wetu, na kile kikohozi chake cha kabla ya kuadhini, ambacho mama anakilalamikia tangu tuhamie hapa.

"Kheri," mama alisema taratibu. "Na huyu kahamia lini huko?"

Mama akaniita bila kugeuka. Nikaja, mtu mzima na mvi zangu, nikasimama kama mwizi wa sukari.

"Mama, wamekufa," kaka alisema.

"Nnajua. Mimi tokea siku ya mwanzo sikusikia kitu."

"Sasa mbona ulisema wamo?"

"Na wewe mbona umeniwashia wa dada yako?"

Mama akauliza lile alilokuwa akiliogopa muda wote. "Kesho utapiga?"

"Nitapiga niseme nini, mama?"

Mama akawa anakunja na kukunjua ncha ya mtandio wake, mpaka simu ikakatika. Nilijuta kuwa niliwahi kucheka.

Kesho yake alasiri simu ililia. Mama akaiweka sikioni. Hapakuwa na mzinga, na kaka hakuwa na habari yoyote. Nilipokaribia nilisikia pumzi za kaka tu. Mama akafumba macho, akasikiliza.

"Nnakusikia," akamwambia. "Umo."