Mama Alivyoukagua Mkate wa Ndizi

Mama alipoambiwa ana ugonjwa wa sukari, alifanya jambo ambalo muuguzi hakumwomba: aliacha kukaribisha watu. Akina mama wenzake wa kanisa kule Ngoingwa hutembeleana kwa zamu, na mwenye nyumba huandaa chai na keki. Keki ya mama ilisifiwa hata na watu wa makanisa mengine. Zamu yake ilipofika aliiruka. Iliyofuata pia akairuka.

"Nikae hapo niwaangalie wakikula?" aliniuliza kwa simu. "Hapana. Wacha waende kwa wengine."

Mimi naishi Ruiru, na nikishikwa na hasira ndipo nafanya kazi vizuri. Niliapa kwamba zamu ya tatu haitampita.

Nilikuwa nimesikia kwamba mkate wa ndizi unaweza kuokwa bila sukari hata chembe. Nikanunua ndizi nzuri za manjano, nikaoka, nikapata kitu kizito kisicho na ladha. Mume wangu, mtu asiyechagua chakula, alikisogeza kando ya sahani kwa adabu. Jirani ndiye aliyenifumbua macho: nitafute ndizi zilizoiva mpaka ganda likawa jeusi, utamu uko huko. Nikarudi sokoni.

"Kastoma, unafuga nguruwe?" mama wa ndizi akaniuliza.

"Ni za kupikia mamangu."

"Haiya! Mamako alikukosea nini?"

Nilizibeba hivyo hivyo. Safari hii mkate uliumuka vizuri, ukanukia mdalasini nyumba nzima. Nikaufunga kwa taulo, nikaupeleka Ngoingwa ukiwa bado na joto. Muuguzi alikuwa ameruhusu kipande chembamba tu, kwa kuwa ndizi nazo zina sukari yake. Mama akauma, akafumba macho, kisha akatema kwenye kiganja.

"Umeweka sukari."

"Mum, sijaweka hata kijiko."

"Usinidanganye, mimi si mtoto. Unataka nianguke?"

Niliumia sana, sitaficha. Nilikuwa nimefaulu kupita kiasi, na kufaulu huko ndiko kulikoniponza. Nikapiga moyo konde, nikamwambia awaite wenzake Jumamosi. Ningeoka hapo hapo jikoni kwake, yeye akiangalia, na akiona sukari awapigie simu wasije. Alikubali haraka mno. Nadhani alikuwa na hamu ya kunikamata.

Jumamosi asubuhi alivuta kigoda karibu na jiko, akaanza ukaguzi. Alinusa unga. Alionja mdalasini kwa ncha ya ulimi. Akaniamuru nigeuze mifuko ya sweta, mimi mwanamke mzima mwenye watoto wawili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikaigeuza. Ikaanguka tishu moja, akaiokota akaikagua nayo.

Nikaponda ndizi kwa uma, nikatia mayai, mafuta, unga, mdalasini, beking pauda na chumvi kidogo.

"Unakoroga kama unachanganya simiti," alisema. "Leta hapa." Akazungusha mwiko mara tatu, akanirudishia.

Nikaweka sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye mchanga wa moto, nikafunika na kupanga makaa juu ya kifuniko. Niliunguza vidole viwili. Mama hakuondoka pale mpaka mkate ukaiva.

Wageni walikuja wanane. Baada ya maombi mama alikata mkate mwenyewe, akawagawia wote, akajiwekea kipande chake chembamba. Nilisimama na birika mkononi, nimebana pumzi. Akauma. Akatafuna. Akameza, akauma tena, akaanza kumcheka mwenzake kuhusu viatu vyake vipya. Nilitamani kupiga kigelegele.

"Hii nayo ni tamu," mmoja akasema. "Nani ameoka?"

Mama akapangusa midomo taratibu.

"Ni mimi. Na sukari haiko hata kidogo. Nilikuwa hapo, niliona na macho yangu."

Wote wakanigeukia, kwa maana masizi yalinijaa mpaka kwenye viwiko. Mimi si mtu wa kuacha jasho langu lidaiwe na mwingine. Ndugu zangu wanalijua hilo vizuri. Lakini mama alikuwa amekaa katikati ya wenzake, shavu limejaa mkate, akiwa mwenye nyumba tena.

"Ni yeye," nikasema, nikamwongezea chai.