Siku Zaina Aliponyamaza

Harufu ya mandazi yanayokaangwa kwa mafuta ya mawese hunirudisha Kashebere, mashariki mwa Kongo, kwenye kibaraza cha jirani yetu Mama Zaina. Yeye na bintiye walikuwa Waislamu pekee katika safu yetu ya nyumba. Sisi tulikuwa Wakatoliki kutoka Butembo. Baba aliuza chumvi na sabuni, na Jumapili sauti yake ilitikisa kanisa, ingawa mama alisema ni mabati tu yaliyolegea.

Nilisoma darasa la tano na Zaina. Mwaka ule tukapata direkta mpya, yaani mwalimu mkuu, akaagiza kila mtoto aseme sala ya asubuhi kwa sauti. Zaina aliinamisha kichwa, akanyamaza.

"Mwenye hasali, arudie kwabo!" direkta akafoka.

Sijui maneno yalinitoka vipi. "Direkta, Zaina iko anasali. Kila siku mara tano. Siye njo tunasalaka mara moja tu."

Darasa likaangua kicheko. Tukafukuzwa wote wawili.

Njiani Zaina alilia. Mimi niliogopa hata kulia. Baba, mtu asiyekosa misa, angenielewaje? Alinisikiliza hadi mwisho, akafunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akatuongoza kurudi shuleni. Nilijua nakwenda kuchapwa mbele ya wenzangu.

Kumbe alisimama mlangoni pa ofisi, kofia mkononi.

"Direkta, miye na weye tunakulaka komunyo pamoja. Lakini sala ya kulazimisha mutoto, Mungu anaisikia namna gani? Na huyu wangu alisema kweli. Munamufukuzia nini?"

Direkta alizisogeza kando karatasi zake.

"Basi, Papa," akamwambia baba. "Waingie. Huyu Zaina anyamaze tu na heshima."

Pumzi ilinitoka kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Zaina alinifinya mkono hadi ukauma, na hesabu za siku ile, nilizozichukia, nilizifanya nikitabasamu.

Kwa miaka mingi niliamini baba hakuogopa mtu. Nilipokua, mama akaniambia kwamba asubuhi ile baba alishindwa kuingiza ufunguo kwenye kufuli kwa kutetemeka. Tulikuwa wageni pale, na mgeni mwenye duka huishi kwa ridhaa ya majirani. Neno moja baya kanisani lingetosha kututenga. Aliogopa kuliko mimi, na bado alikwenda.