Kulima Siku ya Msiba

Mke wangu alikuwa na ulimi mkali, na bila ulimi ule mimi nisingesogea. Baada ya kustaafu ukarani Bukoba mjini tulihamia kijiji kimoja nje ya Nshamba, kwenye kibanja chetu cha migomba na kahawa. Siku zangu zikawa zilezile: chai, redio, migomba, redio, kulala. Watu wa pale niliwajua kwa migongo tu, wakipita njiani.

“Wewe mzee,” akaniambia siku moja, miguu imevimba, ameiegemeza kwenye kigoda, “moyo wangu huu daktari ameshasema. Nikifa utanibeba peke yako kama mkungu wa ndizi?”

Nilimkemea, lakini maneno yale yalinikaa. Watoto wako mbali, na huku kwetu mtu huzikwa na majirani. Mimi majirani sikuwa nao.

Nilianza kuwafahamu kwa aibu. Asubuhi moja napalilia kahawa, najisifu moyoni kwa bidii, mzee wa jirani akaingia bila hodi akaninyang’anya jembe. Nikadhani ni ugomvi wa mpaka.

“Waitu, ndugu yetu, mtu amekufa hapo juu, na wewe unalima?”

“Sijaambiwa.”

“Hapa haambiwi mtu! Ukisikia kilio unaacha kulima. Leo jembe ni la kaburi tu.”

Akanirudishia jembe, akatangulia. Nilichimba mpaka malengelenge yakapasuka, na vijana wakanitania: “Karani, hiyo si kalamu!” Niliporudi nikamsimulia mke wangu, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaanza maswali. Marehemu aliugua nini? Huyo aliyekutania ni mtoto wa nani? Ameoa? Nikakiri sikuuliza.

“Kesho kaulize,” akasema.

Basi nikawa mtu wa watu kwa kulazimishwa. Nikabeba kuni misibani, nikaenda sala za jumuiya nyumba kwa nyumba, nikakaa na wanaume kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, ingawa tumbo langu na rubisi haviivi chungu kimoja. Na lazima niseme kweli, nilifurahi. Jioni nilimpelekea habari zao kitandani, naye akawajua wote, hata ugomvi wao. Lakini nikitaka kuwaingiza ndani alikataa katakata. Uso nao ulikuwa umeanza kuvimba.

“Wasinijue hivi. Ngoja nipate nafuu, nitawapikia mwenyewe.”

Nafuu haikuja. Mimi nilizidi kusalimiwa barabarani, yeye akazidi kuisha. Salamu zote zile ningezitupa ili alale usingizi mmoja bila kuhema. Sikuwa na la kufanya. Nilimpangia mito, nikaipangua, nikaipanga tena, na yeye akinitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Alifariki asubuhi, namkorogea uji. Nilitoka nikasimama mlangoni na mwiko mkononi, sauti imegoma kabisa. Mzee wa jirani aliniona. Alipiga kelele kwa niaba yangu, na kabla ya mchana uwanja ulikuwa umejaa. Wanawake walimenya ndizi, wanaume walichimba, hakuna aliyekubali niguse kazi.

Wakati wa kuaga wakapanga mstari, wakawa wanapita mmoja mmoja mbele ya jeneza. Hapo ndipo niliposhindwa. Nilijikuta nimemwinamia mke wangu, namtajia: huyu ndiye wa mapacha, huyu ndiye fundi baiskeli, huyu ndiye yule aliyegombana na shemeji yake. Mzee wa jirani akanishika bega.

“Baba, basi. Inatosha.”

“Subirini kidogo,” nikasema, “huyu naye mke wangu hajamwona.”