Jagi la Nyuma ya Pazia

Mwanangu, iko siku moja ambayo hunirudia kila ninaposikia harufu ya ganda la ndimu likipata moto. Hairudi yote kwa mara moja. Kwanza inakuja harufu, halafu ukungu mweupe juu ya maji ya Lac Vert, lile ziwa la kijani, halafu sauti ya papa mudogo, baba yangu mdogo, akikohoa uani, na mwisho watu wote wanakuwa wameketi mahali pao, hata wale tuliokwisha kuwazika. Sogea hapa karibu nikusimulie. Nawe sasa umeanza kukaribisha watu kwako, na anayemimina kinywaji ana mambo ya kujua ambayo hayakuandikwa kwenye chupa.

Nilikuwa kijana. Nilihudumu kwenye baa ya hoteli moja hapa Goma, kando ya ziwa kubwa, nikichanganya vinywaji vya wageni waliokuja kupanda volkano. Baba yetu alifariki tukiwa wadogo, mimi na kaka yangu Deo, tukalelewa na mdogo wake, Séverin, ambaye tulimwita papa mudogo. Alikuwa seremala, mtu wa upande wa Bukavu, aliyejenga nyumba ya mbao karibu na Lac Vert pamoja na mkewe, Mama Nsimire. Zamani, kabla sijaanza shule, papa mudogo alikunywa pombe mpaka ikakaribia kumuua. Watu walimwokota barabarani kule Munigi, mvua ikimnyeshea, wakidhani ni maiti. Tangu alipopona hakuigusa tena. Nyumbani hatukulizungumza jambo hilo. Sisi watoto tulilijua tu, kama unavyojua ni ubao gani wa sakafu haukanyagwi.

Basi Deo akampenda Odile, binti wa mfugaji mmoja wa Masisi, Muzee Ruhara. Familia mbili zikapanga siku ya kuonana, na siku hiyo ingekuwa kwetu. Muzee Ruhara hakuwa mtu wa maneno mengi. Alituma ujumbe mmoja tu: amesikia kuwa mdogo wake Deo anachanganya vinywaji vya kizungu pale hotelini, naye angependa kuonja kabla hajafa. Ombi la baba mkwe, mwanangu, halijadiliwi.

Hotelini nilikuwa nimepewa chupa ya tekila na mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Ni pombe kali ya Meksiko, wanaitoa kwenye mmea unaofanana na mkonge. Nikaamua nitaichanganya na ndimu na machungwa, na utamu wake nitaupika mwenyewe. Shira, au siro kama tunavyosema huku, ya dukani ina ladha ya duka. Ya nyumbani ina ladha ya mikono yako.

Asubuhi ile niliwasha mbabula, jiko la mkaa, uani, makaa yakashika taratibu. Nikamenya ndimu na machungwa kwa kisu chembamba, nikichukua ile rangi ya juu peke yake, maana sehemu nyeupe huleta uchungu. Nikaweka maji na sukari kwenye sufuria, nikatia maganda, tangawizi niliyoiponda, na majani ya mchaichai niliyoyafunga fundo. Siro haitaki haraka. Ukiichemsha kwa nguvu, harufu yote inakwenda kwa majirani. Nilikaa pale nikiitazama ikibadilika rangi, ukungu ukipanda kutoka ziwani na mvuke ukipanda kutoka sufuriani, hata sikujua tena upi ni upi. Kuku walitembea kama wako ndotoni. Nadhani sijawahi kuwa na furaha tulivu kama ile.

Mama Nsimire akaja akasimama nyuma yangu.

"Inanukia vizuri," akasema. "Na papa yako, atakunywa nini?"

Kwa desturi ya watu wa Odile, mwenyeji ndiye anayeonja kwanza, mbele ya wageni, ili wajue hakuna kibaya kilichotiwa ndani. Papa mudogo angelazimika kunywa glasi ya kwanza.

Tukanong'onezana pale kando ya moto, mama na mimi, tukapata njia. Siro ingekuwa moja, lakini majagi mawili. La kwanza ningelitia tekila. La pili lingekuwa na maji ya ndimu, machungwa na siro tu. Kwa macho yangefanana kabisa. Hilo la pili tungeliweka chumbani, nyuma ya pazia, na glasi ya papa mudogo ingetoka huko. Hakuna ambaye angejua. Hatukumwuliza yeye mwenyewe. Tulitaka asisumbuke.

Wageni walifika mchana, jua limelainika, ziwa limekuwa kijani kama jina lake. Muzee Ruhara aliketi na fimbo yake kati ya magoti, shangazi wa Odile kando yake. Salamu zilikuwa ndefu, tukaulizana habari za ng'ombe, za barabara ya Sake, za mvua. Kisha nikaitwa. Nilipaka chumvi kidogo kwenye midomo ya glasi, nikatia barafu niliyoileta kutoka hotelini kwenye termosi, nikamletea papa mudogo glasi yake kutoka ndani. Akaonja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ndipo nikatoka na jagi nikawamiminia wageni.

Muzee Ruhara alipokea glasi yake, akaitazama, hakuinywa.

"Kijana," akasema polepole, "glasi ya mwenyeji imetoka kule ndani. Yetu imetoka kwa jagi hii. Sivyo?"

"Ndivyo, muzee."

Alinyoosha mkono, akamkabidhi papa mudogo glasi aliyokuwa ameishika. "Onja hii," akasema. "Halafu na mimi nitakunywa."

Deo alikuwa anatazama chini. Shangazi wa Odile alikuwa amekwisha kushika mkoba wake, kama mtu anayejiandaa kusimama. Papa mudogo aliishika ile glasi. Akaisogeza karibu na uso, na nikajua ameinusa, kwa sababu barafu ilianza kugonga glasi. Ilikuwa sauti ndogo sana. Bado ninaisikia. Macho yake yalielekea ziwani, na sikujua kama yuko nasi au amerudi kule Munigi kwenye mvua.

Kisha akaishusha glasi juu ya goti lake.

"Muzee," akasema, "hii kinywaji iko muzuri. Mutoto wangu ndiye aliipika, na haina kitu kibaya ndani. Lakini iko na pombe, na mimi sinywake pombe. Zamani nilikunywaka. Ikaniangusha pa barabara mbele ya watu wote. Nikionja hii leo, kesho sitakuwa mutu mwenye unaweza kupatia binti yako. Sasa umejua. Kama unataka kwenda, nitakusindikiza mpaka barabarani na heshima."

Upepo ulipita kwenye majani ya migomba, ukatulia.

Aliyesogea alikuwa Mama Nsimire. Mwanamke wa kwaya, ambaye maisha yake yote hakuwahi kunywa kitu kikali kuliko chai ya tangawizi, alitoka mlangoni, akaitwaa glasi kutoka goti la mumewe, akanywa funda kubwa mbele ya wageni. Akakohoa mpaka kitambaa cha kichwa kikamlegea. "Muone," akasema, machozi yakimtoka, "bado niko muzima."

Shangazi wa Odile ndiye aliyeanza kucheka. Muzee Ruhara hakucheka, ila uso wake ulifunguka.

"Na ile ya ndani, iko na nini?" akaniuliza.

"Siro ile ile, muzee. Na ndimu, na machungwa. Pombe tu ndiyo haimo."

"Ilete hapa."

Nikaileta. Akataka amiminiwe kutoka jagi lile, akasubiri papa mudogo anywe, kisha akanywa naye, funda kwa funda, hadi mwisho. "Nilikuja kujua watu mwenye mutoto wangu atakaa nabo," akasema. "Nafikiri nimewajua." Mwaka ule ule Odile akaolewa, na hadi leo watoto wao wananiita papa mudogo.

Wageni walipoondoka, ukungu ulikuwa umeanza kurudi juu ya maji. Nilikuwa nasuuza majagi, papa mudogo akaja akachutama kando yangu. Nilitegemea anishukuru.

"Ulifanya kwa upendo," akasema. "Najua, na mama yako pia. Lakini mulipoweka kinywaji changu nyuma ya pazia, mulinificha na mimi. Mimi sina haya ya kutokunywa. Haya ilikuwa kule Munigi. Siku ingine weka majagi yote pa meza, sema hii iko na pombe, hii haina. Mutu achague, na usimuulize sababu." Akanishika bega, akaenda kulala.

Tangu siku ile, hotelini na baadaye kwangu, majagi yangu hukaa mezani bega kwa bega. Nimeona mengi. Nimeona mkono wa mwanamke mwenye mimba ambayo hajamwambia mtu, mkono wa dereva anayerudi Sake usiku, mkono wa mgonjwa anayemeza vidonge, mkono wa mtu ambaye siku hiyo tu hajisikii. Kila mmoja alichukua glasi yake akaendelea na hadithi yake, hakuna aliyetakiwa kujieleza.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukikaribisha watu, anza na siro, iwe nzuri kiasi kwamba inasimama peke yake bila msaada wa chupa. Asiyekunywa pombe mpe glasi nzuri kama ya mwenzake, na barafu yake, na chumvi yake, na uimimine mbele ya wote. Usimkinge mtu na ukweli wake bila kumwuliza, hata kama unampenda, maana huenda ana nguvu kuliko unavyodhani. Na siku ukweli wa mtu utakapomtoka mezani kwako, usigeuze uso. Kaa naye, kunywa anachokunywa.

Mungu abariki mikono yako na kila unachokipika. Akupe nyumba ambayo watu wanaingia bila woga, na wanatoka humo wakiwa wepesi zaidi ya walivyoingia. Na wewe mwenyewe, popote utakapokuwa mgeni, akupatie mtu wa kukumiminia kwa heshima kile unachoweza kunywa.