Kiti Nilichomhamishia Mama Yako

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Sasa umepata leseni juzi, unazungusha funguo kidoleni kama waziri, basi keti kwanza nikueleze kwa nini mama yako hapandi gari langu.

Tulikuwa wageni hapa Sydney, mwaka wa pili tangu tutoke kambi ya wakimbizi. Jumamosi mchana kulikuwa na ubatizo mtaa wa Villawood kwa ndugu zetu wa Bukavu, nikanywa bia. Asubuhi nikampakia mama yako na dada yako Neema twende kanisani. Hatukufika mbali na nyumbani kwetu Rooty Hill, nikaona foleni ya magari, na polisi wanawapulizisha madereva kifaa cha kupima pombe.

Sisi wa Kivu, kule Kongo, tunakijua kizuizi cha barabarani: pale haki ni ya mwenye bunduki. Nikaegesha kando. Mama yako hanywi hata tone, na leseni anayo.

"Hamia huku, upesi!" nikamwambia.

"Papa Neema, unatetemeka juu ya nini?" Lakini akahama.

Polisi alikuwa ametuona. Akaja kwa miguu, akauliza kwa upole nani alikuwa anaendesha. Mimi nikatazama viatu vyangu. Mama yako akasema ni yeye. Akaulizwa tena, akaonywa kwamba kudanganya ni kosa. Akanigeukia, akasubiri niseme neno. Sikusema. Akarudia kuwa ni yeye.

"No, Daddy was driving," akasema Neema kutoka kiti cha nyuma, yaani baba ndiye aliyekuwa anaendesha. Mtoto wa miaka sita alisema ukweli uliomshinda baba yake.

Nikapuliza. Na hapa ndipo penye uchungu, mwanangu: pombe ilikuwa chini ya kiwango. Ningebaki kwenye kiti changu, ningeambiwa niendelee na safari. Aliyeitwa mahakamani ni mama yako, kwa kumdanganya polisi. Alikuwa anamalizia mafunzo ya kutunza wazee, na kazi ile hawampi mtu kabla ya kuangalia rekodi yake ya polisi. Hakuipata. Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Si kweli! Mimi nilichimba, akaingia yeye. Akafunga makasha ghalani miaka kumi na mmoja, mpaka mgongo ukakataa.

Hakunigombeza. Siku moja tu, akikunja nguo, aliniambia, "Yule polisi hakuniumiza. Alinipa nafasi mara mbili, na mara zote mbili nilikuangalia wewe."

Majuto ni mjukuu, nami mjukuu huyo nimemlea mpaka kazeeka nami. Basi sikia. Leseni yako bado ni ya mwanzo, hairuhusu hata tone, na pombe ya jana huamka nawe asubuhi. Ukinywa, acha funguo nyumbani. Polisi wa hapa anaweza kukusimamisha akupime bila kukupa sababu. Puliza, kwa maana kukataa ni kosa lenyewe. Toa leseni, taja jina na anwani. Akikuuliza umetoka wapi au umekunywa nini, una haki ya kusema kwa adabu kwamba hupendi kujibu. Una haki pia ya kumwuliza jina lake na kituo chake. Ila akiuliza nani alikuwa anaendesha, sema kweli. Kunyamaza ni haki yako mpaka pale mwingine anapobeba kosa lako. Hapo ni woga, nami nakuambia kama mtu aliyeuonja.

Mungu akupe mkono mtulivu kwenye usukani, akupe na ulimi usiomtupa mwenzio. Uende salama, urudi salama. Na Jumapili asubuhi pitia stesheni, mwanangu. Mama yako atakuwa pale anangoja treni ya kanisani. Mimi hunikatalia kila nikimwomba. Wewe labda atakukubalia.