Tunda, Mwezi na Dira ya Baba Mdogo

Nilitoka Kindu kwenda Tunda kwa sababu ya mdomo wangu mwenyewe. Kazi yangu ni kupima usumaku wa dunia, na siku moja kwenye simu nilijigamba kwa mama mdogo Asha kwamba hata mwezi huusogeza. Akasema kwa Kiswahili cha huko, ambamo 'njo' ni 'ndiye', "Basi kuya uwaambie watu wa huku. Wanasema bwana yangu njo alitupoteza."

Wakati wa vita, baba mdogo, mume wa Asha, aliwaongoza jamaa zake kuikimbia Kindu kwa miguu. Walitembea usiku, mwezi ukiwa mpevu, naye dira ameifunga kwenye usukani wa baiskeli aliyokuwa akiisukuma. Wakapotea msituni. Yeye alifia huko kwa homa, na lawama zikabaki kwa mjane wake. Sasa mama mdogo alitumaini nitasema mwezi ndio uliovuta sindano ya dira.

Asubuhi na mapema pikipiki ilinipitisha Kibombo, katika matope na harufu ya mpunga uliolowa. Sikuwa na raha. Ni kweli mwezi huivuta hewa ya juu kabisa, kama unavyovuta maji ya bahari. Hewa ile ina umeme, na ikisogea, usumaku wa dunia hutikisika. Lakini mtikisiko huo ni mdogo mno, dira ya mkononi haiusikii. Tena huonekana zaidi mchana; usiku ni kama haupo. Ningewaambia nini?

Tunda, alasiri. Jamaa walikuwa wamekwisha kukaa barazani. Nikasema yote kama yalivyo, huku namwona mama mdogo akiinamisha kichwa.

"Sasa ni nini ilivuta ile sindano?" akauliza.

"Chuma, mama. Baiskeli yenyewe ingeivuta kidogo tu; mlipakia nini juu yake?"

Aliingia ndani, akatoka na cherehani yake ya zamani, na dira ile ile. Alipovisogeza pamoja, sindano iligeuka ikaelekea cherehani. Akarudia tena, polepole, wote waone.

"Alikatala kuibeba," akawaambia. "Mimi njo nililazimisha. Yeye alifuata sindano tu. Mashini ilikuwa ya mimi."

Kaka mkubwa wa marehemu akainuka, akamshika mkono. "Tulimuonea ndugu yetu," akasema.

Kesho yake nilirudi Kindu. Nilikuwa nimeogopa kwamba ukweli utamnyang'anya mama mdogo mume wake mara ya pili. Nimejifunza kwamba aliweza kuubeba ukweli huo kuliko mimi. Nilipokuwa napanda pikipiki alinipa dira, ameizungushia kitambaa.

"Peleka kwa kazi yako, baba. Lakini uiweke mbali na chuma."