Vunja Jungu la Mwaka wa Eda

Ijumaa, mwezi ishirini na saba Shaaban, Maskati. Mawingu tangu alfajiri, manyunyu kidogo asubuhi, kisha jua jepesi na upepo wa baridi hata nikavaa soksi.

Iko siku moja ya usichana wangu, pale Hamriya, mtaa wa hapa hapa Maskati, ambayo wiki hii imenirudia nzima, na harufu zake. Hatukuwa na muda mrefu tangu tuje kutoka Unguja. Tulikaa nyumba za kupanga zilizogusana kuta, na kwetu sisi watoto vunja jungu lilikuwa kubwa kuliko Idi. Pengine nazidisha, kwa sababu Idi ilikuwa na nguo mpya. Lakini Idi ilikuwa ya wakubwa, ya salamu na kukaa vizuri. Ile karamu ya mwisho kabla ya mfungo ilikuwa yetu, maana ndiyo siku tuliyopiga beni.

Beni yetu haikuwa na chombo hata kimoja cha kununuliwa. Ngoma zilikuwa makopo ya maziwa ya unga, tarumbeta ni magazeti yaliyokunjwa, na usoni kila mmoja ana barakoa ya katoni. Mmoja jogoo, mmoja paka, mmoja mzee mwenye pua kama bamia. Tulizunguka mtaa mzima, na kila mlango ukitupatia kitu cha kutafuna.

Mwaka huo jirani yetu Bi Ghanima alikuwa kafiwa na mumewe na yumo edani. Mlango wake ulitazamana na wetu. Mama akatuita akasema, "Mwaka huu chakula tu, na kila mtu ale kimya. Mtu ana msiba, nyinyi mnapiga makopo?" Sikumlaumu wakati ule na leo simlaumu, maana alisema kwa heshima, na mtaa mzima ulikubaliana naye. Makopo tukayasukuma chini ya kitanda.

Mchana akanituma nimpelekee Bi Ghanima sahani ya biriani. Nikaingia kwa ncha za vidole. Alikuwa kakaa kwenye mkeka na nguo zake za eda, na watoto wake wawili wa kike wamekaa ubavuni wametulia mno. Nikanong'ona, "Mama anakusalimu."

"Beni iko wapi?" akaniuliza, kwa sauti yake ya kawaida.

"Hakuna mwaka huu. Kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu? Nani kaniuliza?"

 Akaniambia nikamwite mama. Mama akaja anafuta mikono, na Bi Ghanima akamwambia maneno ambayo nayaandika kama nilivyoyasikia, ila kama nimesahau moja mawili Mungu anisamehe.

"Shoga yangu, mie nimo edani. Sitoki, sijipambi, sijitii manukato, na nayatimiza hayo yote. Lakini hawa wanangu hawamo edani. Tangu afe baba yao, kila anayeingia humu ananong'ona, mpaka na wao wamejifunza kunong'ona. Jana huyu mdogo kaniomba maji kama anayeiba. Mnaniheshimu, nashukuru. Lakini mngeniuliza."

 Mama akanigeukia. "Unangoja nini? Toa makopo."

Mwanangu utakayesoma haya, sijapata tena kukimbia namna ile. Beni ikapita chini ya dirisha la Bi Ghanima, na mbele yetu wale wanawe wawili. Yule mdogo kavaa uso wa paka unaomfika kifuani, anapiga kopo kwa kijiko, hana mapigo hata kidogo. Tukamfuata yeye alivyokwenda.

Sasa mwaka huu aliyemo edani ni mie.

Juzi Jumatano nilimkuta Ilham, mjukuu wangu, anakunja katoni za tende kuzirudisha stoo. Alikuwa akizikusanya tangu Rajabu. Nikamuuliza kulikoni.

"Baba kasema mwaka huu hatufanyi. Kwa sababu yako, Bibi."

Nikamwita Nassor, mwanangu, baba yake. Mtoto mwema Nassor, na alilolifanya ni kwa mapenzi, hilo naliandika kwanza.

"Mama, watu watasema nini?"

"Watu gani? Waliopo ghorofa ya juu hawajui hata majina yetu. Chini ni duka la mazulia."

"Simaanishi wa nje. Shangazi."

"Shangazi yako kasema nini?"

"Hajasema kitu. Ndiyo naogopa."

Hapo nikamhadithia habari ya Bi Ghanima, na nikamwambia mie ndiye mfiwa na mie ndiye nnayetaka beni. Nikajiona nimeshinda. Nikamwambia Ilham atoe katoni zake, akaruka mpaka taa ikatikisika.

Lakini nilipokaa peke yangu nachambua mchele, furaha yangu ikaingia mchanga. Mie ndiye mfiwa, sawa. Lakini Bi Zamzam, dada wa marehemu, yeye ni nani? Mie mjane nna eda yangu, watu wanaijua, wanakuja, wanaleta chai, wananiuliza nimelalaje. Wifi yangu alikaa matanga siku tatu, kisha akarudi kwake Qurum, na tangu hapo kila mtu anangoja acheke kama zamani. Kafiwa na kaka wa pekee. Nani kamuuliza yeye? Sikusoma sana, niliachia madrasa na darasa la nne, na pengine nawaza mambo kupita kiasi. Lakini niliona karibu nimfanyie wifi yangu yale yale tuliyomfanyia Bi Ghanima, ila kwa kugeuza. Kule tulimkatia furaha bila kumuuliza, na hapa namletea furaha bila kumuuliza.

Nikampigia simu.

"Wifi, nna swali."

"Uliza upesi, nna mafuta motoni."

"Watoto wanataka vunja jungu. Na beni. Weye unasemaje?"

 Nikasikia mafuta yanachachatika kule Qurum.

"Unaniuliza mie?"

"Alikuwa kaka yako kabla hajawa mume wangu."

Akazima jiko, nilisikia kitufe. "Chakula pikeni. Barakoa, sawa, wavae. Ngoma, wifi, bado. Lile kopo kubwa alikuwa akilipiga yeye kila mwaka. Masikio yangu bado hayajawa tayari."

"Basi ngoma hapana."

"Na vitumbua msipike. Hamviwezi. Ntaleta mie."

Nikamweleza Ilham. Akafikiri, akasema, "Bibi, beni bila ngoma ni foleni tu."

"Basi tutafanya foleni nzuri."

Na tulifanya, mwanangu. Ngoja nikwambie tulivyofanya, huenda ukataka na weye kwako, maana siku hizi kila kitu kinanunuliwa tayari na mtoto hachafui hata kidole.

Gamu ya kubandikia tulipika wenyewe. Unga wa ngano vijiko vitatu vikubwa, maji baridi kikombe, unakoroga kwenye moto mdogo mpaka uwe kama uji mzito, kisha tone la siki usije ukaota ukungu. Barakoa unaweka sahani juu ya katoni ya tende, unazungusha kalamu, unakata. Macho kata mwanzo, kabla hujapaka rangi. Sisi tulikata mwisho na paka mmoja akatoka kengeza. Rangi ya manjano ni bizari na maji, nyekundu ni maji ya bitiruti, ya udongo ni kahawa iliyobaki. Pua na midomo ni trei za mayai. Kamba ya nyuma ni utepe wa kanga kuukuu, haumkati mtoto masikio kama mpira.

Na maganda ya vitunguu usitupe. Biriani inataka vitunguu vingi vya kukaanga, sasa yale maganda mekundu, makavu, Ilham aliyabandika moja moja kwenye uso wa jogoo, kutoka chini kwenda juu, yapandane. Nilipoona nikaita kila mtu aje atazame. Yalikuwa manyoya kabisa, yanang'aa. Sijui aliyatoa wapi mawazo hayo, mie sikumfundisha.

Jikoni kila mjukuu alipewa kazi yake. Wadogo walifinyanga katlesi za nguru kwa sura ya samaki, jicho punje ya njegere. Visheti walikandamiza juu ya mgongo wa uma ili vipate michirizi, ndipo shira inapokamata vizuri. Urojo tukapanga vibakuli mezani, viazi, bajia, kachori, chatne ya nazi, chipsi za muhogo, kila mtoto ajijazie mwenyewe. Waliomwaga walifuta. Kelele za jikoni peke yake zilikuwa vunja jungu zima, na mie nikaenda huku na huku na fimbo yangu kama mtu wa miaka thelathini.

Leo baada ya Alasiri Bi Zamzam kaingia na bakuli la vitumbua kafunika kitambaa. Kanibusu, kakaa. Sikumwona usoni vizuri maana alitazama dirishani.

Watoto wakatoka chumbani kwa mstari. Mbele Nassor, mtu mzima na tumbo lake, kavaa yule jogoo wa maganda. Nyuma yake paka kengeza, samaki, mzee wa pua, na mwisho Ilham kabeba lile kopo kubwa la babu yake kwa mikono miwili, halipigi. Wengine nao wana makopo, hawapigi. Wakazunguka meza. Hakuna kinachosikika isipokuwa ndara zao na kicheko kinachozuiwa puani. Ganda moja la kitunguu likadondoka kwenye urojo. Nassor akaendelea kutembea na shingo mbele, nyuma, mbele, nyuma, kimya.

Bi Zamzam akawatazama mzunguko mmoja, akawatazama wa pili.

"Hii beni gani?" akasema. "Kama watu wanaingia chumba cha mtihani."

Nassor akasimama. Ilham akaniangalia mie. Nikamwelekeza kwa macho kwa wifi yangu.

"Lete kopo hilo," Bi Zamzam akasema.

Ilham akampa. Akaliweka mapajani, akalipapasa pale palipobonyea, kisha akaanza kuligonga kwa vidole viwili, taratibu, mapigo yale yale ya kaka yake.

"Kwa vidole," akawaambia. "Fimbo sitaki. Na nikinyanyua mkono, mnanyamaza. Sawa?"

"Sawa," wakaitikia wote.

Wakapiga kwa vidole. Makopo yote pamoja yalitoa sauti kama mvua kwenye bati. Mara moja akanyanyua mkono, na wote wakanyamaza pale pale, hata mdogo kabisa, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Akapangusa macho kwa ncha ya mtandio. Akashusha mkono, wakaendelea. Baadaye kidogo nikasikia anamwambia Nassor, "Weye jogoo au bata? Nyanyua magoti." Na akacheka, kicheko chake kile cha zamani kinachoanza kwa kukohoa.

Mie nilikaa kitini na nguo zangu za eda. Sikuimba, sikupiga makofi. Mguu mmoja ulicheza kidogo chini ya gauni. Sijui kama kuna makosa, ntamuuliza mwenye elimu.

Mwanangu, weye utakayekuwa na nyumba yako na jungu lako, nasaha yangu ni fupi, na kama nimekosea wapo wenye akili kuliko mie watakaonisahihisha. Ikija furaha na huku nyumbani kuna msiba, usiifukuze kwa kudhani, wala usiilazimishe kwa kudhani. Nenda kaulize. Na usimuulize yule tu aliyevaa nguo za eda. Muulize na dada, na rafiki wa marehemu, na mtoto anayejifanya hajui. Atakayekwambia bado, mpe hiyo bado yake, na mwachie nafasi ya kubadilisha mwenyewe. Chakula kipike, karatasi zikate, watoto wachafuke. Mfungo utakuja kwa wakati wake.

Mungu akufikishe Ramadhani weye mzima na wako wazima, akupe mikono inayopenda kupika na ulimi mwepesi wa kuuliza, na siku yako ya huzuni akupe watu watakaokuuliza na weye. Amin.

Jioni hii tumekula biriani ya kuku, katlesi za samaki, urojo, visheti, na vitumbua vya wifi, ambavyo lazima niandike ukweli, ni vizuri kuliko vyangu. Yeye kasema urojo ulikosa ndimu. Nimeonja tena, na kweli ulikosa.